Hata Mlango wa Choo Umo

Siku mwanamuziki alipofariki, kinanda chake cha umeme kilibaki kinawaka hadi jioni, kwa kuwa mkewe hakujua kinazimwaje. Miaka yote mumewe alipokuwa akirekodi, mama huyo alitembea peku, akafunga milango polepole na kupigia chafya ndani ya khanga, asije akamharibia kazi.

Miezi ilipopita, albamu ikatoka. Marehemu alikuwa amenasa sauti za nyumbani, akazipitisha kwenye mitambo yake mpaka zikageuka ngoma na filimbi za ajabu. Mjane akaketi kuisikiliza pamoja na wifi yake, ambaye siku zote hushonea pale barazani.

“Cherehani yangu hiyo!” wifi akaruka. “Na mlango wa choo unavyolia! Wifi, hata choo kimo, wewe humo?”

“Ngoja, haijaisha.”

Ikaisha. Mjane akairudisha mwanzo, akatega sikio tena. Alisikia cherehani, akasikia choo, akasikia hata kikohozi cha jirani wasiyesalimiana naye. Yeye mwenyewe hakujisikia popote, akaona wivu.

“Mwenzangu, ulikuwa kimya kama maji ya mtungini,” wifi akasema, safari hii bila utani. “Angekunasa vipi?”

Mjane akainuka. Aliingia chumbani, akavitoa sandukuni viatu vyake vya visigino, vile vya harusini.

Siku hizi huvivaa humo humo ndani, hata akiwa jikoni anapika.