Lipu Bado Mbichi

Bi Mkasi alikuwa fundi cherehani, lakini jina hilo hakulipata kwa mkasi wa chuma. Alilipata kwa ulimi. Ukimpelekea gauni la kupunguza, linapungua gauni na wewe unapungua pia.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mtaani, inatazama kilima, na nyuma ya kilima ndiko mpaka. Mwaka juzi kombora lilivuka kilima, likatoboa ukuta wa chumba cha nyuma na kuingia kwenye kabati la nguo. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Kilichokufa ni kabati.

Basi, wakaanza kuja wageni. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na kazi ya kutembeza vikundi vya waumini kutoka mbali. Mtaani walimwita Maelezo, kwa sababu hata ukimuuliza saa, ataanza kukusimulia jua lilichomozaje. Wageni wake walikuja kuombea amani na kujifunza hali ya usalama. Asubuhi walimsikiliza afisa na ramani zake, mchana wakaletwa kujionea wenyewe. Na cha kujionea kilikuwa tundu la Bi Mkasi.

"Shemeji, usilizibe kwanza," Maelezo alimwambia. "Kundi hili likiona, litatusaidia kujenga."

Kundi hilo likaona, likalia, likapiga picha, likaondoka. La pili vilevile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, wee, mwenyeji hakupona ng'o! Tundu lilifunikwa nailoni, mvua ikapenya, kuvu ikapanda mpaka darini. Mwanamke aliyeziba suruali za mtaa mzima akabaki na nyumba iliyochanika.

Kilichomwasha moto ni binti yake. Alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kwanza, na alitaka kuja kupumzika kwa mama yake. Lakini chumba cha kulala ni kilekile cha nyuma. Akapiga simu.

"Mama, mwanangu simlazi kwenye maonyesho. Watu watuchungulie tumelala? Ukiziba, nakuja. Usipoziba, nakwenda kwa mama mkwe."

Kwa mama mkwe! Bi Mkasi aliona uchungu. Mjukuu wake wa kwanza, aogeshwe na kubembelezwa na mtu mwingine kwa sababu ya tundu? Hakumuuliza shemeji wala nani. Alimwita fundi mwashi, tofali zikapangwa, na kesho yake asubuhi lipu ikapigwa. Fundi akaosha mikono, akaenda kunywa chai. Mwiko wake aliuacha kwenye ndoo, nyundo akaiegemeza mlangoni.

"Mama, mtu asiiguse leo," aliagiza. "Bado mbichi."

Binti alikuwa anafika siku inayofuata. Bi Mkasi alikuwa anafagia mchanga, anaimba, pale basi liliposimama nje. Maelezo hakuwa ametoa taarifa. Tangu lini tundu likaombwa miadi?

Wakateremka waumini na fulana zao nyeupe zilizoandikwa "Tumekuja Kuona na Kuomba". Mbele yao alikuwa mchungaji, mtu wa miraba minne lakini mpole, kofia mkononi. Maelezo akaanza palepale uani.

"Ndugu zangu, siku hiyo mama huyu alikuwa amelala..."

"Nilikuwa nashona," alisema Bi Mkasi.

"Alikuwa anashona, machozi yakimtiririka..."

"Machozi ya nini, na kombora lenyewe halijaja?"

Wageni wakacheka kwa aibu. Maelezo akawaingiza ndani haraka, akanyoosha mkono kuonyesha tundu, na mkono ukabaki hewani.

"Shemeji! Umefanya nini?"

"Nimeziba."

"Umeziba ushahidi! Watu wametoka mbali, wataona nini?"

"Wataona ukuta. Kwani kwao hawana?"

Maelezo akasogea, akanong'ona. "Sikiliza. Haijashika bado. Natoa tofali mbili tu, watazame, jioni fundi anarudishia." Na kweli, mkono wake ukashika nyundo.

Bi Mkasi akasimama kati yake na ukuta. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo ukuta mzima ulionekana mdogo.

"Toa tofali mbili," alisema, "na mimi nikutoe meno mawili. Tuone jioni fundi atamrudishia nani."

"Mama, amani," mchungaji akaingilia. "Hatukuja kubomoa. Turuhusu tuombe tu, twende zetu."

Sala Bi Mkasi hakuwahi kuikataa. Akasogea pembeni, akafumba macho. Kumbe kosa! Watu hawa wakikiombea kitu, lazima wakiguse: mgonjwa wanamgusa, gari jipya wanaligusa. Wakanyoosha mikono. Wa mbele wakaweka viganja ukutani, na kadiri sala ilivyopanda ndivyo walivyokandamiza. Uliposikika "amina", Bi Mkasi akafumbua macho.

"Jamani! Lipu mbichi!"

Kila mtu akatazama kiganja chake, cha kijivu. Ukutani alama za mikono zilikuwa zimezama, vidole na vyote. Mchungaji alitamani ardhi impasukie. Lakini Maelezo uso ulichanua.

"Msiguse tena! Shemeji, hii imelipita hata tundu! Mikono ya maombi! Kila kundi litataka kuiona!"

"Tuachie, mama," alisema mwanamke mmoja, machozi yakimlengalenga. "Iwe kumbukumbu yetu."

Bi Mkasi alimwonea huruma, kweli kabisa. Mwanamke yule alikuwa na moyo mzuri, na wote walikuwa na moyo mzuri. Ndiyo maana tundu lilidumu miaka miwili.

"Kumbukumbu yenu, chumba changu," alisema. "Kombora lilinitoboa mara moja, jamani. Nyie mmenitoboa kila mlipokuja. Mnataka kujifunza usalama? Mimi siyo afisa, sina ramani. Usalama ni mjukuu wangu alale humu, mlango ufungwe, asije mtu kumtazama."

Akachomoa mwiko kwenye ndoo. Akaanza na kiganja cha mchungaji, ndicho kikubwa kuliko vyote, akakifuta. Hakuna aliyepiga picha. Mchungaji akavaa kofia, akawatoa watu wake taratibu, mmoja mmoja, mpaka chumba kikabaki na mashemeji wawili.

"Sasa kundi lijalo niliambie nini?" Maelezo aliuliza.

"Waambie mtoto kalala, wasipige kelele."

"Lakini mtoto hajafika."

"Anafika kesho," alisema Bi Mkasi, akifuta kiganja cha mwisho. "Wewe anza kuzoea."