Mbegu ya Mama Fidélie

Naapa mbele ya Mungu, na mbele ya mke wangu ambaye ni mkali zaidi, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu. Wanaonijua hapa Manika watacheka wakiona mimi, Tata Kalumba, naapa. Wacheke. Mi nilikuwapo, wao walikuwa wamekaa nyumbani.

Mi ni mustaafu. Miaka mingi niliendesha treni ya kubeba mawe ya shaba, na kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwenye mifuko ya saruji na magazeti ya kufungia samaki. Ndiyo maana kuhusu saruji najua yote, na kuhusu dunia najua nusu ya kila habari, ile nusu isiyo na mafuta.

Misheni ya Neno na Jembe ilipofika Kasolondo, kijiji kilicho nyuma ya Musonoi, ilitafuta mtu wa kufundisha akina mama herufi. Wenye diploma walikiangalia kijiji mara moja wakakumbuka kazi nyingine. Wakanichukua mimi. Mkubwa wa misheni, Pasta Séraphin, alikuwa mtu mwema, mrefu hata magoti yake yalitangulia kuingia nyumbani, ndipo yeye akafuata. Alituambia kwamba mama akijua kulima, akipata mkopo mdogo, na akijua kusoma, umaskini utafunga mizigo wenyewe, ushike njia ya Dilolo, uvuke Angola bila kuaga.

Sasa, Kasolondo vumbi la machimbo limekaa mpaka kuku wanataga mayai ya kijani. Nilikula moja. Lilikuwa na ladha ya kufuli.

Kati ya wanafunzi wangu alikuwamo Mama Fidélie, mjane. Mume wake alifunikwa na shimo la madini, na mwili haukutolewa. Alibaki na binti mmoja, Yolande, ambaye asubuhi alikuwa anasafisha mawe ya madini mtoni, amesimama ndani ya maji mpaka mapajani, anatikisa chekeche pamoja na watu wazima. Miguu yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Fidélie alikuwa na shauri moja tu hapa duniani: kumtoa Yolande mtoni na kumrudisha masomoni. Mavuno mazuri ya mara moja yangelipa minervali, ile ada ya shule, yangenunua na viatu. Hakuomba zaidi ya hapo, na hakuwa na mpango mwingine.

Neno la kwanza la kufundisha lilichaguliwa na Pasta: MBEGU. Mi nilikuwa nimependekeza BIA, kwa kuwa ni fupi na imeandikwa kwenye kuta zote za mji. Nilikataliwa. Basi tukaanza na MBEGU. Fidélie alikuwa mzito mwanzoni, lakini neno lilipomwingia halikutoka tena. Aliliandika kwa makaa kwenye mlango, kwenye sufuria, kwenye jembe.

Siku ya mkopo, kila mama wa kikundi alipewa pesa za mbegu na mbolea ndani ya anvelope, bahasha ya karatasi, na juu yake Pasta alikuwa ameandika lile lile neno, ili mtu asijidanganye kwamba ni pesa za chumvi na vitenge. Fidélie alipopokea yake aliisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Pasta alifuta macho. Mi nililia mpaka watu wakaleta ndoo.

Hapa ndipo shetani alipoketi, kama ni shetani.

Jumapili Fidélie alikuwa anasali Musonoi, katika chumba cha maombi cha Nabii Papy. Na kwetu huku, kila mtu anajua, mtu wa maombi akisema amepanda mbegu hazungumzii udongo. Anasema ametoa pesa yake mbele ya mtumishi wa Mungu, na sasa anangoja Mungu amvunishe. Karibu na mimbari ya Nabii kulikuwa na sanduku la mbao. Fidélie alikuwa amepita kando yake miaka yote kama mtu anavyopita kando ya jiwe. Jumapili ile sanduku lilimsemesha. Liliandikwa MBEGU.

Ebu fikiri. Umekuwa kipofu wa herufi tangu kuzaliwa, na neno la kwanza kukuita kwa jina nje ya darasa ni lile lile lililo juu ya anvelope uliyoifunga kwenye kitambaa chako. Kwake hiyo haikuwa bahati. Alitoa anvelope, akalinganisha herufi moja moja, zikalingana zote. Akaitumbukiza.

Hakumwambia mtu, wala si kwa aibu. Alikuwa na amani. Wenzake walipokuwa wanapanda mahindi, Mama Huguette, mkubwa wa kikundi, alimuuliza shamba lake linangojea nini. Fidélie alijibu kwamba yake ilikwisha kupandwa, mahali pazuri.

Mvua ilikuja vizuri. Mahindi ya wenzake yaliota kwa haraka hata ndege aliyetua juu ya jani asubuhi, jioni aliogopa kuruka chini. Watu walianza kuhesabu magunia kwa mdomo. Kisha bwawa la maji machafu la kiwanda kimoja huko juu, jina lake sijui, kibao kilikuwa kimeng'olewa, likapasuka ukingo. Maji yalishuka mashambani. Kesho yake majani yalikuwa meupe kama karatasi, na harufu ilikuwa ya betri. Pasta Séraphin aliingia shambani kuangalia, na alipotoka viatu vyake vilikuwa na sehemu ya juu tu. Alipanda pikipiki nyayo zikiwa nje.

Tukakutana ndani ya kanisa dogo la misheni. Kanuni ya mkopo ilikuwa kwamba kikundi kinalipa pamoja, na Pasta aliieleza akiangalia sakafu. Huguette akageuka.

“Sisi mashamba yetu imekufa, kila mutu ameona,” akasema. “Fidélie, yako iko wapi? Utuonyeshe hata jani.”

Fidélie akaeleza: Jumapili, sanduku, anvelope. Alieleza bila kuficha kitu, kama mtu anayesimulia alivyokwenda sokoni. Pasta alimuuliza kwa sauti ya chini ni nani alimfundisha mambo hayo.

“Tata Kalumba njo alinifundisha,” akasema. “Ku anvelope ilikuwa MBEGU. Ku sanduku ilikuwa MBEGU. Pasta, mi nilisoma muzuri ao nilisoma mubaya?”

Fidélie alikuwa amesoma vizuri.

Huguette ndiye aliyecheka, kicheko cha mtu aliyeumia. “Basi tuko sawa, mama. Yetu maji imekula, yako Nabii amekula. Ila ya Nabii angalau inaonekana, ameweka mabati mupya.”

Fidélie alimwendea Nabii Papy kuomba arudishiwe japo nusu. Nabii alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwambia kwamba mbegu iliyopandwa haifukuliwi. Anayeifukua anaua mti. Akamwombea.

Misheni ilifunga kazi Kasolondo. Pasta alipigania akina mama huko ofisini, naamini, lakini alirudi na jibu lile lile: kila mmoja alipe sehemu yake, ili pesa ziende kijiji kingine. Wakachukua tablo, ule ubao wa kuandikia. Mi waliniachia chaki kwa kusahau. Wenzake Fidélie waliuza mbuzi, wakauza baiskeli, wakalipa. Fidélie hakuwa na cha kuuza. Yolande, aliyekuwa anakwenda mtoni asubuhi tu, akaanza kukaa huko mpaka jua linazama, na Jumapili pia.

Lakini Mungu si kiwanda. Mwaka uliofuata, tajiri mmoja wa malori, Karim, alipita Kasolondo, akasikia habari hii, akashuka garini analia. Alilipa deni lote la Mama Fidélie, akalipa na minervali. Leo Yolande anavaa sare ya shule, bulu na nyeupe, ni wa kwanza darasani, na miguu yake imepona kabisa.

Nilipokwisha kuandika mpaka hapo, Mama Fidélie akapita kwangu Manika kuuza mkaa. Nikampa makaratasi haya asome, afurahi. Aliketi juu ya gunia, akafuata mistari kwa kidole, midomo ikitembea. Kwenye viatu vya Pasta alicheka. Kisha kidole kikasimama.

“Tata, Karim ni nani?”

Nikamwambia ni mtu wa malori.

“Mi simujui. Yolande hamujui. Mambo bingine nilikuachia, njo kazi yako. Lakini apa umesema uongo juu ya mutoto yangu.”

Nikajitetea. Nilisema habari inahitaji mahali pa kupumzikia, la sivyo wanaosoma watachoka.

“Bachoke,” akasema. “Mi pia nimechoka.”

Kisha akasema kwamba kwao, anayetumia jina la mtoto wa mtu kudanganyia watu, anamlipa mama wa mtoto huyo meka moja ya unga. Sijawahi kuisikia sheria hiyo. Nadhani aliitunga pale pale, na mi si mtu wa kumlaumu kwa hilo. Nilileta meka ya mke wangu, kile kikopo cha kupimia, nikajaza. Fidélie akakitikisa, unga ukazama, akanionyesha pengo kwa kidole. Nikaongeza mpaka ukafanya kilima. Mke wangu alikuwa mlangoni, anaangalia.

Nilitaka kufuta ile mistari ya Karim. Akakataa, alitaka watu waone nimekamatiwa wapi. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe chini yake, herufi kubwa zilizoinama: YOLANDE EKO KU MUTO.

Akafunga unga ndani ya kitambaa, akaacha gunia la mkaa bila kuliuza, akatoka kutafuta pikipiki ya Musonoi, kwa maana mtoto alikuwa majini tangu asubuhi na hakuwa amekula.