Ngome ya Kona ya Kushoto

Fundi Mdogo aliamka na hakika ya kushinda. Aliioga, akaivaa, akafungua nayo mlango wa duka la ushonaji, na alipomkuta baba yake amekwisha kaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, mikono kifuani kama hakimu, alicheka.

"Cheka sasa," baba akamwambia. "Baadaye utakosa nafasi."

"Baba, leo utaomba maji."

Na tusimwonee, hakuwa akijigamba bure. Sataranji alifundishwa na baba yake huyohuyo, kwenye meza hiyohiyo, tangu miguu yake ikining'inia bila kufika sakafuni. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, wateja wakimwita Fundi Mdogo na baba yake Fundi Mkubwa, na kwa mwaka mzima uliopita katika kila michezo mitatu alikuwa akishinda miwili. Mzee alisingizia joto, kelele za barabarani na chai iliyopoa.

Lakini mchezo wa siku hiyo haukuwa wa kupitisha mchana. Macho ya Fundi Mkubwa yalikuwa yanakwisha. Mwalimu mmoja alishonewa suruali, akaenda nayo darasani, akarudi mbio kwa sababu mguu mmoja ulipita mwenzake kwa vidole viwili. Mzee alitunga uzi hewani, kando kabisa ya sindano, kisha akailaumu sindano. Kila alipokwenda kula, binti yake alifumua mishono yake upesi upesi na kuishona upya, asijue mtu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, upasuaji mdogo tu, lakini usicheleweshwe. Mzee akasema daktari mwenyewe anavaa miwani, atamwambia nini.

Mama alimbembeleza mpaka akachoka. Ndipo siku moja Fundi Mdogo akapasuka: "Baba, huoni!"

Lo! Mzee alisimama, mkasi mkononi. "Mimi sioni? Haya, tucheze. Mchezo mmoja, wa haki. Ukinishinda, kesho yake nipeleke hospitali. Nikikushinda mimi, neno jicho nisilisikie tena humu ndani. Si kwako, si kwa mama yako. Umekubali?"

Alikubali kabla mzee hajamaliza kusema.

Kisha akafanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa yeye. Alinunua vinyago vipya vya sataranji. Aliona mchezo wa heshima unataka vifaa vya heshima, na vile vya zamani vilikuwa aibu tupu: farasi mmoja hana masikio, askari wameliwa na mchwa, na ngome nyeupe ya kona ya kushoto haikuwepo kabisa. Ngome hiyo aliitumbukiza yeye mwenyewe chooni akiwa na miaka mitano, akitaka kujua kama inaelea. Haikuelea. Tangu siku ile mahali pake palisimama rili tupu ya uzi, ya mbao, iliyopakwa rangi nyekundu. Miaka ishirini na tisa baba na binti walicheza hivyo, vyeupe vya binti kwa sababu mdogo huanza, na ngome yake moja ni rili nyekundu.

Mama alivuta kigoda akakaa karibu na dirisha, bakuli la vifungo mapajani. Sataranji haijui, lakini alijua kinachochezewa.

Fundi Mdogo alianza kwa kasi. Askari wake wakasonga, farasi wakatoka, na upande wa kushoto askari wa pembeni wakalana wakaisha, wake na wa baba, njia ile yote ikabaki tupu kama barabara ya Jumapili. Mzee alicheza polepole. Kabla ya kuhamisha kitu alikigusa kwanza kichwani kwa kidole, akakizungusha, ndipo akakiinua. Binti alidhani anamchezea akili. Akawaza, zungusha, baba, zungusha, leo ni leo.

Saa ya pili mzee akabanwa. Mfalme wake alikuwa amejificha nyuma ya askari watatu waliobanana bega kwa bega, na mstari wa nyuma ulilindwa na ngome moja tu. Basi mzee akaishika ngome hiyo, akaizungusha, akaishusha mpaka upande wa binti yake ili imtishe malkia. Mstari wa nyuma ukabaki bila mtu.

Wewe msomaji umekwisha kuona. Hata mtoto aliyejifunza jana angeona. Ngome nyeupe ilikuwa imesimama kona ya kushoto, haijasogea tangu asubuhi, na mbele yake njia tupu mpaka ng'ambo. Kuipandisha tu, moja kwa moja, na mfalme wa mzee hana pa kukimbilia. Mwendo mmoja tu.

Fundi Mdogo alitazama ubao mzima. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akamrudisha malkia wake nyuma kumwokoa.

"Cheki," baba akasema, akimtishia mfalme wake.

Akamsogeza mfalme.

"Cheki."

Akamsogeza tena.

"Cheki. Na huna pa kwenda, mwanangu." Mzee akaegemea kiti, jasho linamtiririka, akanyoosha mkono. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Akaupokea mkono. Mama akainuka, akaliweka bakuli la vifungo juu ya cherehani, akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona anafuta macho kwa ncha ya kanga, na hakuna aliyethubutu kusema analilia nini, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Mtu mwingine angelia naye. Fundi Mdogo aliona uchungu, ndiyo, lakini kilichomsumbua zaidi ni kwamba haamini. Mchezo ule ulikuwa wake! Aliujua kwa vidole, kama unavyojua shati hili limekatwa vizuri hata kama limekaa vibaya mwilini. Mzee alipokwenda kujinyoosha kidogo chumba cha nyuma, alitoa vile vinyago vya zamani kwenye kopo lao, akavipanga, akaurudia mchezo mwendo kwa mwendo kutoka kichwani.

Alipofika pale baba aliposhusha ngome, mkono ukamganda.

Rili nyekundu ilikuwa imesimama konani inamtazama.

"Mama yangu wee," alisema peke yake. Miaka ishirini na tisa jicho lake lilikuwa likitafuta kitu chekundu kwenye kona ile. Leo hapakuwa na chekundu, basi akili ikasema hapana kitu. Mazoea yana taabu, walisema waliosema. Akajipiga paji la uso, akacheka, akajitukana tusi moja ambalo mama hakulisikia.

Kisha kicheko kikamkatika. Sawa, yeye hakuiona. Na baba je?

Kwa sababu huyu ndiye baba aliyemwimbia tangu utotoni: usiache mlango wa nyuma bila bawabu. Katika maisha yake yote hakuuacha. Hata akiwa na homa hakuuacha.

Akaubeba ubao mzima, vinyago vimesimama juu yake, hatua kwa hatua kama mtu aliyebeba sinia ya glasi, mpaka chumba cha nyuma.

"Baba, nimekuja kukupongeza."

"Unaanza maneno."

"Sisemi lile neno. Nazungumzia ngome." Akauweka ubao kitandani. "Hapa ulishusha ngome yako. Nipe kidole."

Akakipeleka kidole cha baba mpaka kona ya kushoto, kikagusa rili. Mzee akaitambua papo hapo. Akakisogeza kidole mbele, mraba kwa mraba, akitafuta kitakachomzuia. Hakikuzuiwa na chochote mpaka mstari wa nyuma, ubavuni kwa mfalme wake.

Akakirudisha kidole konani.

"Ilikuwa hapa?"

"Tangu asubuhi."

"Nyani haoni kundule," mzee akafoka. "Wewe mwenye..." Akalimeza neno alilolipiga marufuku. "Wewe uliiona? Si ungeipandisha!"

"Sikuiona. Mimi nilizoea rili. Niambie, baba, wewe ulizoea nini?"

Mzee angeweza kusingizia joto. Angeweza kusingizia chai. Akaishika rili, akaizungusha kati ya vidole vyake vile vilivyokata makoti ya nusu ya mji.

"Vyeupe vipya vile," akasema taratibu, "kwangu vilikuwa ukungu. Nilicheza kwa kukumbuka umeweka nini wapi. Hii niliisahau." Akairudisha rili konani. "Ninaogopa, mwanangu. Wakikosea kidogo tu, mimi ni fundi wa nini?"

Fundi Mdogo alikaa kando yake. "Suruali ya mwalimu niliishona mimi upya. Na koti la bwana harusi. Na mengine."

"Najua," baba akasema. "Mshono wako nikiupapasa naujua. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu."

Nje mama alikuwa akiokota kifungo kilichodondoka kutoka kwenye kanga yake.

"Hayo macho," mzee akasema hatimaye, na ndiye aliyelitamka yeye mwenyewe, "wanayafanya yote mawili siku moja, au moja moja?"

"Moja moja, baba."

"Basi kesho. Ila kwa sharti." Akainua kidole. "Huko hospitali wakiuliza, uwaambie aliyeshinda ni mimi."

"Umeshinda wewe, baba."

"Sema kwa sauti, mama yako asikie."

Akasema kwa sauti, mpaka mama akaingia ndani kuuliza kuna nini.