Keria ya Chuma cha Kitanda

Esteri alifika kwa Twalibu, fundi baiskeli wa njia panda ya Heru Juu, umande haujakauka. Goti lilikuwa linamsumbua, akajishusha taratibu juu ya kreti la soda na kumwambia fundi aendelee na kazi yake. Yeye amekuja tu kuangalia keria yake inavyofungwa.

Aliiita yake kwa sababu chuma kilitoka kitandani mwake. Kile kitanda alitoka nacho Mtabila kambi ya wakimbizi ilipofungwa, kimebebwa vipande vipande, na miaka yote alikilalia bila kulalamika. Ni Marselino aliyekiomba. Marselino ni mtoto wa marehemu mdogo wake. Esteri alimlea tangu hajaota meno, na mpaka leo, baba wa watoto wanne, humwita mama mkubwa. Alikuja jioni moja akakaa karibu na mafiga, akasema goti lile linahitaji hospitali ya Kasulu kila mwezi, bodaboda zinamrusha mtu kama gunia, basi afadhali atengeneze keria pana ya baiskeli yenye mto, ampeleke mwenyewe polepole. Esteri alihamia mkekani usiku uleule. Kesho yake akajipima nyonga kwa kamba ya katani, akaipiga fundo, akampa Marselino ampelekee fundi.

Twalibu hakuwa mtu wa haraka. Alikwisha kulegeza nati za ekseli ya nyuma. Akavika mguu wa kulia wa keria, akatia washa, akarudisha nati kwa vidole kwanza, ndipo akashika spana. Kisha wa kushoto. Akalizungusha gurudumu, akatega sikio kama linakwaruza mahali. Esteri akapenda. Mtu anayetega sikio kwenye kazi yake hakuharibii kitu.

Fundi alipoigeuza baiskeli ndipo Esteri alipoiona keria yote. Ilikuwa ndefu kupita kiasi. Nyuma yake kulisimama upinde wa chuma uliofika kifuani mwa mtu, na ubavuni kulikuwa na ndoano, tatu huku, tatu huku.

Akauliza mto utafungwa wapi.

Twalibu akacheka, si kwa ubaya. "Ukae wewe, bibi? Hii si ya mtu. Hii ni ya lumbesa."

Esteri akautazama ule upinde. Lumbesa alizijua. Ni gunia lililojaa muhogo mkavu mpaka mdomoni, halafu likavikwa kilemba cha wavu na kuongezewa muhogo mwingine juu, na dalali akalihesabu kuwa gunia moja. Baada ya mavuno watu kumi na mmoja walisimama kanisani wakaapa kwamba mwaka huu hakuna lumbesa. Esteri, na goti lake, ndiye aliyekwenda Kibondo kumwomba Asmahani, mfanyabiashara anayenunua kwa mizani. Asmahani alikubali kuja Ijumaa na lori, ila akitoka bure hatarudi: yapatikane magunia ishirini, yameshonwa bapa, bila kilemba. Esteri alimpa neno lake.

Akajaribu kumtetea mtoto. Pengine ni ya kuni. Pengine fundi amechanganya vipimo vya watu. Akauliza kama hakuletewa kamba yenye fundo.

"Kamba sijaiona. Alileta fimbo."

Fundi akaichomoa darini. Ilikuwa imetiwa alama mbili kwa kisu. Esteri alikuwa ameshona magunia maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Alama ya chini ilikuwa mdomo wa gunia, ya juu ilikuwa kilele cha kilemba.

Marselino alifika akipiga mluzi, akaukata alipomwona. Akasalimu, akainamia mnyororo wa baiskeli kana kwamba ndio uliomwita.

"Nani wengine wamevunja kiapo?" Esteri akauliza.

"Mama mkubwa..."

"Nimekuuliza nani."

Akawataja. Niyomwungere ametoa matatu. Mwalimu wa kwaya mawili. Havyarimana yote aliyokuwa nayo. Dalali ameweka kambi huko bondeni, na wiki nzima wanampelekea kwa kichwa. Keria itamaliza yaliyobaki.

"Wote?"

"Umebaki wewe."

Jumapili kanisani watu haohao walikuwa wamempigia makofi kwa kulipata lori. Alipoingia mlangoni walikatisha mazungumzo, wakamwambia walikuwa wakijadili sare za kwaya, naye akatoa maoni kuhusu rangi.

"Ungesema chuma ni cha lumbesa, ningekunyima?"

"Ungeninyima."

"Ndiyo. Ningekunyima."

Marselino akaanza kueleza kwamba lori ni ahadi tu na dalali ana fedha mkononi, kwamba walimficha ili asiumie. Akasema magunia ya Esteri atayabeba ya kwanza, na atamwomba dalali asimwekee kilemba kirefu.

Esteri akatoa simu kwenye fundo la khanga. Asmahani akapokea kwa furaha, akasema dereva ameshapatikana.

"Usimlipe, mwanangu. Magunia ni mawili tu, yangu."

Kisha Asmahani akauliza ni nani aliyevunja.

Esteri akamtazama Marselino, na Marselino akatazama chini.

"Ni sisi," Esteri akasema.

Asmahani hakugomba. Alisema tu kwamba mwakani atatafuta kijiji kingine, akamtakia afya ya goti.

"Sasa ya kwako utayapeleka wapi?" Marselino akauliza.

"Nitayasaga. Ugali si tunakula?"

Marselino alimnyooshea mkono ili amwinue. Esteri akashika ukuta, akainuka mwenyewe, akauacha uchungu wa goti upite, akamuaga fundi. Hakuwa amefika hata kwenye mfereji alipomsikia Marselino nyuma yake, kwa sauti ya chini, akimuuliza Twalibu kama ule upinde hauwezi kuongezwa kidogo.