Choroko za Kupigia Magoti

Waliponiita kituoni nilikuwa sijamaliza hata rundo la kwanza la nazi. Nimefua nazi za watu miaka arobaini, lakini siku hiyo nikauacha mti wa kufulia umesimama peke yake, nikaenda.

Kituo cha kulelea watoto cha mtaa wetu ni chumba kimoja nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu. Juu ya mlango jina la kapteni, yaani mkuu wa mtaa, ni kubwa kuliko jina la kituo, lakini bati linavuja tangu tufani ya mwaka juzi. Ndani nilimkuta Mwalimu Delfa, macho mekundu, na mama mmoja wa manispaa, Bi Remedios, anaandika. Mjukuu wangu Nenet, wa miaka minne, alikuwa amepiga magoti kwenye kona, uso ukutani, mikono ameinyoosha huku na huku kama msalaba.

"Nimekuja kukagua, nimemkuta hivi," alisema Bi Remedios. "Na magotini ana alama."

"Amemwaga uji wa mwenzake," Delfa alinieleza. "Nikamwambia, Nenet, njoo ukae karibu yangu. Basi. Akaenda mwenyewe kona. Namwambia inuka, hainuki."

"Mwalimu, mtoto wa miaka minne hajitungii adhabu. Kuna mtu kamfundisha." Alielekeza kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. "Hiyo umeitia sahihi mwenyewe. Hakuna kupiga, hakuna magoti, hakuna kuaibisha. Nikipeleka ripoti hii, kesho hapa pana mwalimu mwingine."

Karatasi ile naijua. Mimi shule niliishia darasa la pili, Delfa ndiye aliyenisomea. Sema naye kwa sauti ya chini. Inama mlingane. Mpe la kufanya. Nilicheka siku ile. Nilimwambia, aliyeandika haya hajawahi kuumwa na mtoto mkono.

Nilijua alama zile zimetoka wapi.

Ningeweza kunyamaza. Wakubwa wamekwishaninyamazia mimi. Usiku ule mke wangu Soling alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa limebeba viti vya sherehe ya meya, na mpaka leo hakuna aliyeniambia hata pole. Mama yake Nenet yuko Kuwait, analea watoto wa watu, kwa sababu hapa hakuna kazi. Kwa hiyo nilikuwa na watu wengi wa kuwalaumu, na mmoja alikuwa mbele yangu na kalamu yake.

Lakini Delfa ndiye aliyeuosha mwili wa Soling. Delfa ndiye anayebaki na Nenet mpaka nitoke kwenye nazi, hata kama kituo kimeshafungwa.

"Mwache mwalimu," nilisema. "Ni mimi."

Bi Remedios hakuinua kichwa. "Wewe ni nani wake, Mzee?"

"Babu yake. Pulong. Namwaga choroko kwenye kifuniko cha bati, anapiga magoti juu yake mpaka wimbo wa redio uishe. Baba yangu alinilea hivyo."

"Wimbo mmoja?"

"Siku nyingine mbili."

Delfa aligeuka akanitazama, kisha akaangalia chini. Kumbe kunyamaziwa na mtu mwema ndiko kubaya zaidi.

"Kwa nini, Mzee?"

"Anauma. Analia akimtaka bibi yake, na mimi siwezi kumleta. Nikirudi nimechoka, Mama. Soling alikuwa akilificha kopo la choroko. Sasa hakuna wa kulificha."

"Sheria inataka niandike."

"Andika. Gari la wagonjwa ndilo mlilochelewesha, kwa karatasi hamchelewi."

Aliandika. Akafuta alichokuwa ameandika juu ya Delfa. Mimi nikapewa Jumamosi nne za mafunzo ya wazazi, hapo hapo kituoni, kwenye vile viti vidogo.

"Mafunzo ya nini?"

"Ya kuongoza watoto."

"Nami nikadhani mtanifundisha kuongoza manispaa. Naona nafasi iko wazi."

Mdomo wake ulicheza kidogo, akaubana.

Muda wote huo mtoto alikuwa bado magotini. Watu wazima watatu tulikuwa tunamgombania, na mikono yake imeanza kutetemeka. Delfa alichukua kitambaa, akaenda akachuchumaa mpaka wakalingana. "Nenet, uji uko chini. Tukaufute sote wawili." Sauti ya chini, kama ilivyoandikwa.

Nenet hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Babu, wimbo umeisha?"

"Umeisha."

Akashusha mikono, akapokea kitambaa.

Ijumaa ni siku ya choroko kila nyumba kwetu. Ilipofika niliinjika sufuria, nikalishusha kopo. Nenet alisimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Babu, hizo za kula au za magoti?"

"Za kula."

"Zote?"

Nilizimimina zote, hata zile za chini zilizokaa mwaka mzima. Hakuja karibu mpaka maji yalipochemka. Halafu akakaa kwenye kigoda cha bibi yake, tukangoja. Zilikuwa kuukuu, hazikutaka kuiva. Niliongeza maji mara tatu, na kila mara alisimama akachungulia kama bado zimo.