Uzito wa Mukuka

Asubuhi ile Mukuka alikuwa juu ya mkaratusi ulio mbele ya duka la Mgiriki, akikata tawi lililogusa waya za simu, na Kapya alikuwa chini yake ameshika kamba. Kamba ilitoka kiunoni mwa Mukuka, ikapanda hadi kwenye panda ya mti, ikapita juu yake, ikashuka mpaka mikononi mwa Kapya, ambaye alikuwa ameizungusha mgongoni ili imkamate vizuri. Mukuka alilalamika kwamba vumbi la msumeno linamwingia puani. Kapya alimjibu kwamba pua kubwa haina budi kuchangia.

Wote wawili walifundishwa na Mzungu mmoja mzee, Mflamandi, aliyependa miti kuliko watu na hakuona haya kusema hivyo. Msimu mzima aliwaweka chini, wakinoa misumeno, wakichemsha lami, wakifunga na kufungua mafundo huku wamefumba macho. Ndipo akawaonyesha kwamba tawi zito huanzwa kukatwa kwa chini, kisha msumeno uhamie juu, la sivyo litachuna gome la mti likianguka. Akawaonyesha jinsi ya kupaka lami kidonda cha mti. Akawakataza kupanda mti ulio hai kwa viatu vyenye meno ya chuma. Na juu ya hayo yote akawapa sheria moja: aliye chini haachii kamba mpaka aliye juu aseme kwa mdomo wake, "Niko chini." Mvua inyeshe, gavana apite, haachii. Mflamandi alirudi kwao, sheria ikabaki.

Kamba yenyewe ilikuwa mbovu. Bwana Delsart, aliyepewa kazi ya kutunza miti ya barabara za Wazungu, aliambiwa mara nyingi kwamba imeoza katikati. Kila mara alijibu kwamba kamba haiwezi kuoza Elisabethville, kwa kuwa hakuna bahari.

Ilikatika. Mukuka alianguka barabarani akafa palepale, kipande cha kamba kikiwa bado kimefungwa kiunoni mwake.

Mikononi mwa Kapya uzito haukubadilika. Kamba ilipanda hadi kwenye panda, ikapinda, ikashuka upande wa pili na kuishia hewani, pale ilipokatikia, nayo ilikuwa imekaza vilevile. Kapya akatanua miguu ili asimame vizuri zaidi.

Bwana Delsart alifika kwa motokaa yake. Alichuchumaa kando ya maiti na kuanza kufungua fundo. Ilimchukua muda, maana Mukuka hakufunga fundo la mchezo. Kile kipande alikikunja, akakitia mfukoni mwa koti, kisha akawaambia waliokusanyika, "Huyu alijifungua kamba mwenyewe. Amejitupa."

Neno hilo lilifika misheni kabla ya jeneza. Padre hakuwa mtu mbaya, lakini anayejiua hazikwi katika ardhi iliyobarikiwa, na aliyekuwa ametoa habari ni mwajiri. Mukuka, aliyekuwa akifika kanisani Jumapili kabla ya mpiga kengele, alizikwa nje ya ua wa makaburi, kwenye majani marefu, bila misa wala msalaba. Ilikuwa aibu kubwa, na haikuwa aibu ya Mukuka.

Kapya hakwenda mazikoni. Alikuwa ameshika kamba.

Jioni ilipoingia, saa ambayo watu weusi walitakiwa kuwa wameshatoka katika mji wa Wazungu na kurudi mitaa yao, alikuja polisi Numbi.

"Kapya, saa imefika. Rudia ku cité."

"Shiwezi. Mukuka hayasema 'niko chini.'"

"Mukuka tumemuzika leo."

"Mumezika mwili. Shika hapa."

Numbi aliegemeza fimbo yake ukutani akashika. Kapya alilegeza kidogo tu, na Numbi akanyanyuka, miguu ikaning'inia mpaka Kapya alipomvuta chini. Numbi alijikung'uta kaptula. Alisema muntu mwenye iko ku kazi haiko mzururaji, akachukua fimbo yake na kuendelea na doria.

Kesho yake Ngalula, mjane wa Mukuka, alimletea Kapya ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo. Ili Kapya ale, ilibidi Ngalula apokee kamba. Aliizungusha mgongoni kama alivyoonyeshwa, akatanua miguu.

"Ni yeye," alisema. "Anaegemeaka ku kushoto. Hata mu kitanda ni vile."

Alilia sana. Kisha akakasirika, na hasira ilikaa muda mrefu kuliko machozi.

"Shemeji, tutashika mpaka ule Muzungu aseme kweli. Yee alikuwa mwenye kufungwa kamba."

"Tutashika, shemeji."

Habari zilienea Kenya, mtaa wa watu weusi, na watu wakaanza kuja kwa zamu: mafundi wa reli, washonaji, wamama wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwa. Kila aliyeshika aliuhisi ule uzito, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa ng'ambo ya barabara alimtuma mpishi wake kuuliza kama kamba ingeweza kusogezwa kushoto kidogo, maana ilikata mandhari ya baraza yake. Waliisogeza. Ugomvi wao haukuwa na yeye.

Padre pia alikuja. Alivua kofia, akashika, akakiri kwamba ni mzito kweli. Akaenda kumuuliza Bwana Delsart kama marehemu alikuwa amefungwa, Bwana Delsart akasema hapana, na padre akarudi kuwaambia kwamba bila neno la mwajiri hana la kufanya. Ngalula alimuuliza kama mbinguni nako wanamuuliza mwajiri kwanza. Padre alivaa kofia.

Ndipo Bwana Delsart alipomjia Kapya kwa sauti ya upole. Alitaka kapita mpya, msimamizi wa wapanda miti wote. Kapya angefaa. Angepewa nyumba ya matofali na baiskeli.

"Acha tu kamba."

"Bwana, sema alikuwa mwenye kufungwa, naacha sasa hivi."

"Alijifungua kamba."

"Basi baiskeli upande weye."

Bwana Delsart aliamua kuukata mti. Wapanda miti wa Elisabethville walikataa kuugusa, kwa hiyo akaleta watu kutoka Jadotville, na safari hii alinunua kamba mpya. Walifanya kazi nzuri. Walianza juu, wakashusha matawi moja moja, wakakata shina vipande vipande, wakang'oa kisiki, wakafukia shimo na kupanda majani juu yake. Ile panda ilipoondolewa, kamba ya Kapya haikushuka. Ilipanda hadi palepale, ikapinda juu ya hewa tupu, ikabaki imekaza.

Bwana Delsart alikuja kuangalia akiwa na padre. Alitembea juu ya majani mapya, akageuka huku na huku.

"Unaona mwenyewe, mon père. Hapa hakuna mti. Mtu atafungwaje kwenye mti usiokuwepo?"

Padre aliangalia majani, akakubali kwamba mti hakuna. Alisema jambo hilo sasa limekwisha, na Mukuka atabaki alipo.

Kapya alimtazama Ngalula, na Ngalula akatemea viganja mate, akashika kamba mbele yake. Nyuma yao wakashika wamama wa kanisa, na fundi mmoja wa reli, na Numbi, ambaye alikuwa amevaa sare. Wakavuta pamoja. Uzito ukapanda taratibu, na kwenye majani, mbele ya viatu vya Bwana Delsart, kikatokea kivuli cha mtu aliyeegemea kushoto, kamba ikiwa kiunoni mwake.

Bwana Delsart alikitazama. Alisogea kando ili kisimguse, akaingia katika motokaa, akamshikia padre mlango.

"Alikuwa mwenye kufungwa!" Ngalula alipaza sauti.

Motokaa iliondoka. Wakavuta tena, ili kivuli kiifikie barabara, mahali ambapo Bwana Delsart na padre wangelazimika kupita juu yake kila siku.