Ukuta Uliokandikwa kwa Ajili ya Mgeni

Mama yangu, Advera, anaishi Kwihara katika nyumba ya udongo ambayo wajenzi wa barabara wanasema haitikisiki. Vikombe vyake hucheza kabatini kila mashine ya kushindilia ikipita, lakini vikombe si wataalamu. Tulilalamika mpaka wakakubali mhandisi Leodgar aje kwa siku moja tu na leza, chombo cha kupima kwa mwanga: ukuta ukionekana kutikisika kupita kiasi, kampuni itaujenga upya. Usipoonekana, mama ataendelea kulala chini yake. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Leodgar alimpa mama shikamoo, kisha akatueleza. Mwanga ukigonga ukuta hurudi ndani ya leza yenyewe na kuchanganyika na ule uliomo, na mchanganyiko huo huonyesha ukuta umesogea kiasi gani. Tatizo, uso wa udongo si laini, kwa hiyo mwanga hurudi ukiwa madoa, mengine angavu, mengine giza. Doa la giza likiangukia leza, ishara hufifia.

Mashine ikapita, vikombe vikalia, na skrini ya leza ikabaki tuli.

"Hakuna ishara, hakuna mtikisiko," akasema Mathias, msimamizi wa kampuni. Kwa hesabu hiyo, kipofu akiingia sokoni, soko halipo.

"Ni doa tu, bwana," Leodgar akamjibu. Akaisogeza leza kidogo, ishara ikaja; mashine ikarudi, madoa yakahama, ishara ikapotea tena. Mwishowe akabandika ukutani kipande cha utepe unaong'aa, kama ule wa nyuma ya malori. Ishara ikatulia, nzuri hata mimi nikaipenda.

Mashine ikapita tena. Utepe ukaanguka pamoja na bamba zima la udongo mbichi. Nyuma yake kulikuwa na ufa, mpana kiasi cha kuona kitanda cha mama.

"Mama, umekandika lini?" Leodgar akauliza.

"Jana, mwanangu. Mgeni anakuja, nimwonyeshe ufa?"

Mathias alifurahi waziwazi. "Basi umepima udongo wa jana. Ukuta haujapimwa." Ufa ulikuwa unamtazama usoni, ila mkataba ulitaja leza, haukutaja macho. Na siku ya leza ilikuwa imekwisha.

Nikamwambia mama tufungashe, ahamie kwangu Isevya. Alikuwa ameshachota maji ya kukandikia.

"Na huyu kijana wa leza akirudi," akasema, "nitamkaribisha wapi?"